Mguu wa Murera

Kwetu Maua, Murera ni mahali gari linapoishia. Unapanda Probox mjini, mnabanwa wanne nyuma na mtoto wa mtu kwenye mapaja yako, halafu lami inaanza kuteremka. Kilomita kama 30 hivi. Juu kuna baridi ya Nyambene, migomba, na miraa iliyopandwa hadi kwenye kingo za barabara. Kila ukiteremka, sweta inakuwa mzigo. Miraa inapungua, miiba inaongezeka, udongo unabadilika rangi, na mwishowe unafika geti la Mbuga ya Meru. Geti la Murera. Watalii wanapita na magari yao, wewe unashuka, unalipa, unatafuta bodaboda ya kukupeleka kwa watu wako upande huu wa uzio.

Ndiyo maana nilicheka niliposikia kuna ndovu anaitwa Murera. Ni kama mtoto kuitwa Roundabout. Lakini watu wa Sheldrick, wale wanaolea ndovu mayatima pale Nairobi National Park, wana mazoea ya kuwapa watoto wao majina ya mahali walikookotwa, na huyu aliokotwa kwetu, katika Mbuga ya Meru, mwaka wa 2012. Alikuwa mtoto. Alikuwa amekanyaga mtego wa msumari uliopakwa sumu.

Hapo kicheko kiliisha, kwa sababu mtego huo naujua. Sijauona kwa gazeti. Ni kipande cha mbao, misumari mirefu imepigiliwa kutoka chini ikatokeza juu, kisha mbao inafukiwa kwenye njia na kufunikwa majani. Hauna kelele kama bunduki na hauna gharama. Fundi yeyote wa vitanda anaweza kuutengeneza kabla ya chai ya saa nne. Jangili anautega ili arudi kuchukua pembe mnyama akishalala chini. Mkulima naye, mkulima anautega ili mahindi yake yafike mwezi wa pili. Mguu unaoukanyaga hauwezi kujua tofauti.

Nimekuwa nikisoma kuhusu miguu ya ndovu tangu siku hiyo, karibu miaka miwili sasa, na marafiki zangu wa Nairobi wamechoka. Mtu anafungua simu kuangalia mechi, mimi namwonyesha picha ya ukucha. Wanivumilie tu.

Jambo la kwanza: ndovu anatembea kwa vidole. Ukimtazama unaona nguzo nne, kama meza ya hoteli, na unadhani amekanyaga chini mzimamzima. Sivyo. Ndani ya ile nguzo mifupa ya vidole imesimama mshazari, kama mguu wa bibi harusi aliyevaa viatu virefu, na chini ya kisigino kuna mto mkubwa wa mafuta na nyuzi. Akishusha uzito mto unatanuka. Akiinua mguu mto unanywea, na ndiyo sababu anaweza kujinasua kwenye tope. Ndiyo sababu pia mnyama wa tani tatu anaweza kupita nyuma ya nyumba yako usiku na usisikie kitu isipokuwa mabua yakivunjika.

Halafu kuna kidole cha sita. Mwaka wa 1710 daktari Mskoti, Patrick Blair, aliyekuwa amepasua maiti ya ndovu huko Dundee, aliandika kwamba mnyama huyu anaonekana kuwa na vidole sita. Ilichukua miaka mia tatu hadi 2011, ndipo John Hutchinson na wenzake wa chuo cha udaktari wa wanyama cha London walipoeleza vizuri: si kidole hasa, ni mfupa mdogo uliokua ukawa kama kigingi, unaoshikilia ule mto usiporomoke. Kucha nazo hazifuati hesabu ya vidole. Ndovu wetu wa nyika kwa kawaida ana kucha nne mbele na tatu nyuma, ingawa ndani vidole ni vitano. Na karibu na hizo kucha ndipo anapotokwa jasho. Mwili mzima ule, jasho liko hapo.

Mguu huo pia unasikia. Caitlin O'Connell-Rodwell alionyesha huko Etosha, Namibia, kwamba mngurumo mzito wa ndovu unasafiri ardhini, na wenzake walio mbali wanaupokea kwa nyayo. Wanasimama kimya, wanaegemea mbele, kama mtu aliyeambiwa "nyamaza kidogo, nasikia kitu." Kwa hivyo ukimchoma msumari hapo, hujamuumiza mahali pa kukanyagia peke yake. Umemziba na sikio.

*

Watu ambao wamechunguza miguu ya ndovu kuliko wote duniani si sisi tunaoishi nao. Ni watu wa zuu. Na sababu si nzuri: huko ndiko miguu inakoharibika zaidi.

Fikiria kucha zako. Ndovu wa Meru anatembea kutwa kwenye mchanga, mawe, tope la mto, na ardhi inazipiga msasa bila kumwomba ruhusa. Ndovu wa bustani ya wanyama amesimama. Wakati wa baridi, nchi za theluji, anafungiwa ndani, kwenye simiti, miezi. Simiti haisongi, haizami, haipindi. Wayo unakua na hakuna wa kuukwangua. Ukucha unarefuka hadi unaanza kubeba uzito ambao si wake, unapasuka. Katika ule ufa unaingia mkojo na mavi ya chumbani, kunatunga usaha, na usaha usipopata njia ya kutoka unapanda juu hadi kwenye mfupa. Ukishafika mfupani, dawa hazifui dafu. Uchunguzi mkubwa wa ndovu wa bustani za Amerika Kaskazini uliochapishwa 2016 ulikuta yapata theluthi mbili yao wana kasoro fulani miguuni, na kilichohusiana sana na ubovu huo ni saa za kusimama juu ya sakafu ngumu. Magonjwa ya miguu na ya viungo ni kati ya sababu kubwa zinazofanya ndovu wa kufugwa achomwe sindano ya mwisho.

Basi wamebuni namna ya kukagua. Nimetazama video nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye bando ndogo. Ndovu yuko upande mmoja wa vyuma, mtunzaji upande mwingine. Kuna tundu chini. Mtunzaji anasema neno moja, ndovu anainua mguu, anaupitisha kwenye tundu, anaulaza juu ya kigoda. Analipwa kipande cha tofaa. Hakuna kamba, hakuna fimbo. Mguu unaoshwa kwa brashi na maji. Anakagua kucha moja baada ya nyingine: kuna ufa, umefika wapi, umelala au umesimama? Ngozi laini ya juu ya ukucha, imekauka na kukatika katika kama ya mfua nguo, au ina unyevu? Nafasi kati ya ukucha na ukucha inatosha, au zinasagana? Kisha wayo. Wayo mzima una mistari na mabonde, na kila ndovu ana ramani yake, kama alama za vidole vyetu. Penye utelezi usio na mistari, pamelika kupita kiasi. Penye shimo jeusi, anapabonyeza, anasubiri kuona kama mguu utavutwa. Kisha anapiga picha, kila mguu, mbele, pembeni, chini, na kuipa kila kasoro alama kwa kipimo kilekile cha mwezi uliopita ili aone kama inapona au inakula ndani. Mara kwa mara inaletwa mashine ya eksirei kuangalia mifupa ya vidole. Na kabla ya yote hayo, kuna jambo lisilohitaji mashine: kusimama mbali asubuhi na kumtazama akitembea. Anaegemea wapi? Anapumzisha mguu upi? Amelala usiku, au ameogopa kulala kwa sababu kuamka kunauma?

Ni kazi ya upendo. Sitaki mtu afikiri nabeza. Lakini kuna ujinga mkubwa ndani yake, wa kumweka mnyama mahali panapomwoza miguu halafu kuajiri watu wenye upendo wa kumkwangua miguu kila asubuhi.

Toronto walikuwa na ndovu anaitwa Iringa. Ndiyo, Iringa. Mwenzake aliitwa Toka. Na wa tatu aliitwa Thika. Iringa alikuwa ametolewa Msumbiji akiwa mdogo, miaka ya sabini. Thika alizaliwa hukohuko bustanini, 1980. Ndovu wa Kanada mwenye jina la mji wa mananasi, ambaye hajawahi kuuona, wala kukwama kwenye jam ya Thika Road. Mwaka wa 2011 madiwani wa jiji la Toronto walipiga kura ndovu hao watatu waondolewe, wapelekwe kwenye hifadhi ya PAWS huko California, mahali penye jua na vilima vya nyasi. Kukazuka ugomvi wa miaka miwili, mpaka Oktoba 2013 ndipo walipopakiwa kwenye malori na kusafirishwa kuvuka bara. Iringa aliishi California chini ya miaka miwili. Julai 2015, akiwa na miaka 46, alichomwa sindano. Viungo na miguu.

Ninapomfikiria Iringa nafikiria hizo nyasi. Miaka karibu arobaini ya Toronto, kisha mtu anakufungulia mlango wa lori na kuna kilima, na huo mguu wa kupandia kilima umeshaisha.

Karachi ni karibu zaidi na sisi. Ndovu wanne walitolewa Tanzania wakiwa watoto, mwaka wa 2009 hivi, wakapelekwa Pakistani: Noor Jehan, Madhubala, Malika na Sonu. Mwaka wa 2021 mahakama kuu ya Sindh iliagiza wakaguliwe, na shirika la Four Paws likatuma madaktari. Wakakuta meno mabovu na miguu inayohitaji kutunzwa. Wakakuta pia kwamba Sonu, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi kila mtu alimwita dume, ni jike. Akabadilishwa jina, akawa Sonia. Hii habari husimuliwa kama kichekesho, na ni kichekesho kweli, lakini jiulize ni nani alikuwa akimtazama miguu ndovu ambaye hakuna aliyemtazama kuona kama ni wa kiume au wa kike. Noor Jehan alikufa Aprili 2023, ana miaka 17 tu. Sonia akafuata mwisho wa 2024. Umri ambao kwetu jike ndiyo kwanza anaanza kuwa mama.

Na kuna ile ya Kent. Julai 2021 gazeti za Uingereza zilijaa habari kwamba ndovu 13 wa bustani ya Howletts watapandishwa ndege, waletwe Kenya, waachiliwe porini. Mtandaoni watu walilia machozi ya furaha. Wizara yetu ya Utalii na Wanyamapori ikatoa taarifa kwamba haijashauriwa, na kwamba kumrudisha mnyama wa bustani porini si mchezo na si bei rahisi. Wengi waliona serikali ina roho mbaya. Mimi, kwa mara moja maishani, nilikuwa upande wa wizara. Nilikuwa nawaza miguu. Ndovu aliyezaliwa Kent amekanyaga nyasi za Kent. Nani atamfundisha ardhi ya Januari, ile ya huku chini, inayochoma hata kupitia ndala? Na nani atamwambia kuhusu mbao?

*

Murera yuko hai. Hili lazima niliseme kwa sababu habari zangu nyingi zinaishia kwa sindano. Alipelekwa Nairobi, akatibiwa kidonda muda mrefu, na 2014 akahamishiwa Umani Springs, kwenye msitu wa Kibwezi, pamoja na mwenzake Sonje, ambaye pia alitoka Meru na mguu mbovu. Umani ni kituo kilichofunguliwa kwa ajili ya wale wasioweza kutembea sana. Maji yako karibu, kivuli kipo, chakula hakitafutwi mbali. Huko kuna pia Luggard, aliyepigwa risasi Tsavo akiwa kichanga na mfupa wa paja ukavunjika. Ni kama wadi ya mifupa, lakini ya msituni. Murera anachechemea hadi leo. Na kwa mguu huohuo alikuja kubeba mimba, ambayo kwa ndovu ni miezi 22, akazaa. Mtoto wakamwita Mwana.

Porini, nje ya vituo hivyo, hakuna tundu la kupitishia mguu. Kuna kikosi cha daktari wa KWS hapo Meru, kinachosaidiwa na Sheldrick, na kazi yake ya miguu huanza kwa darubini. Wanaambiwa kuna ndovu anachechemea, wanamtafuta, wanamtazama. Hatua fupi. Mguu usiokunjwa. Uvimbe juu ya kucha, au waya wa mtego umezama ndani ya nyama hadi hauonekani, unaona tu mguu wa chini umevimba kama chupa. Wakiamua, wanampiga sindano ya usingizi kwa bunduki, kutoka kwa gari au helikopta. Akianguka, kila mtu anakimbia. Sikio linafunikwa juu ya jicho, jicho lisiungue na jua. Kijiti kinawekwa kwenye ncha ya mkonga ili njia ya hewa isizibe. Mtu anamwagia masikio maji. Daktari anapasua, anakamua, anaosha, anatia dawa, na mwisho anajaza kidonda udongo wa kijani, ule wa mfinyanzi, ambao unafukuza inzi na kusaidia nyama kuota. Kisha sindano ya kumwamsha, na hapo tena kila mtu anakimbia, kuelekea upande mwingine. Hamna tofaa. Hamna picha ya mwezi ujao. Ukibahatika utamwona tena mtoni baada ya wiki kadhaa, utahesabu hatua zake.

*

Baba mdogo ana shamba huko chini, si mbali na geti. Ekari mbili na nusu. Alihamia huko wakati watoto walikuwa wengi na miraa ya babu imegawanywa hadi kila mtu akabaki na mistari. Sisi wa Maua mjini tulimwona kama aliyepotea. "Huko kwa ndovu," ndivyo shangazi zangu walivyosema, kama unavyosema mtu ameenda Saudia. Yeye hujibu kwamba ndovu walikuwa huko kwanza na hawajamkaribisha, na haoni ubaya wa mambo hayo mawili kuwa kweli.

Krismasi ya mwaka juzi nilienda kumwona. Mahindi yalikuwa yamefikia kuchomwa. Usiku wa kwanza nililala fofofo kama mtu wa mjini, na asubuhi nikatoka nikakuta amesimama katikati ya shamba, mikono nyuma, kama mtu aliyefika msibani mapema. Walipita watano. Karibu nusu ekari ilikuwa imelala. Kuna uzio wa stima, lakini ndovu wameshajua kwamba pembe haipitishi stima, wanaweka pembe, wanakata, wanapita.

Nilitarajia alaani. Badala yake akaniita, "Njoo uone, mwanangu." Akachuchumaa penye unyayo, akaweka kiganja, akaanza kupima kwa shubiri. "Huu ni wa nyuma. Wa nyuma ni mrefu, kama yai. Wa mbele ni mviringo, kama sufuria." Shubiri mbili na vidole vinne. "Mama mzima huyu." Nilitaka kumwambia kwamba David Western na Cynthia Moss walifanya jambo hilohilo Amboseli, wakachapisha 1983 jinsi urefu wa unyayo unavyoonyesha umri wa ndovu, na kwamba wanasayansi wameutumia urefu huo kuhesabu watoto na wazee bila kuwaona. Nikanyamaza. Hakuwa ananiuliza.

Alifuata njia yao polepole, akinionyesha kwa kijiti. Wanne walikuwa sawa: mguu wa nyuma unaangukia karibu palepale mguu wa mbele ulipotoka. Wa tano ndiye aliyemsimamisha. Upande mmoja unyayo ulikuwa umezama vizuri, mistari yote ya wayo imeandikika kwenye udongo wenye unyevu. Upande wa pili, mbele, unyayo ulikuwa mwepesi, kama umewekwa kwa kuomba radhi, na mbele yake mfuo mrefu, kucha zikiburuta. Hatua moja ndefu, moja fupi. Moja ndefu, moja fupi. "Huyu ni mgonjwa wa mguu," akasema. "Na wiki iliyopita alikuwa mgonjwa, lakini si hivi. Alikuwa bado anainua."

"Unamjua?"

"Namjua mguu wake. Yeye mwenyewe hatujasalimiana."

Maoni yake, na amekaa huko miaka 19, ni kwamba mgonjwa ndiye huwaleta wengine. Ndovu mzima anaweza kwenda mbali kutafuta chakula, mgonjwa hawezi, na wenzake hawamwachi. Mahindi yako karibu, ni laini, hayahitaji kupanda mlima. Sijaona kitabu kinachosema hivyo. Lakini yeye amekuwa akipima nyayo hizo kwa mkono, msimu baada ya msimu, na hakuna wa zuu aliye na kumbukumbu ndefu hivyo ya mguu ambao hajawahi kuugusa.

Tulikaa chini ya mwembe tukanywa chai ya rangi, kwa sababu ng'ombe alikuwa amekauka. Nikamuuliza kuhusu mbao. Sikuzunguka. Nikamwambia kuhusu Murera, 2012, msumari, sumu. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama ndovu mwenyewe alipona. Nikamwambia anachechemea, lakini ana mtoto. Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa habari za jamaa wa mbali.

Kisha akaniambia habari za fomu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mnyama akiua mtu familia ilipwe shilingi milioni 5, na mazao yakiharibiwa kuna kamati ya kaunti ya kuchunguza na kufidia. Yeye ana nakala za fomu tatu alizojaza, za misimu mitatu, amezikunja ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na cheti cha ubatizo. Za asili ziko katika ofisi fulani, kwenye meza fulani. Ameenda mara nyingi hadi mlinzi wa pale humuuliza habari za watoto kwa majina.

"Sasa," akasema, "mtu wa fomu tatu akienda kwa fundi akanunua misumari ya inchi 6, utamwambia nini?"

"Umewahi kununua, baba mdogo?"

Akamwaga masalia ya chai chini, polepole. "Hapa kila mtu ana misumari," akasema. "Nyumba zinajengwa na nini?"

Sikuuliza tena. Kuna maswali ambayo mtoto wa ndugu akiyauliza mara mbili anageuka kuwa polisi. Nilimwangalia tu alivyoinuka, akaenda nyuma ya jiko, akarudi na karai kuukuu la kuchanganyia simiti, lenye tundu moja pembeni. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Nyambene. Akarudi shambani hadi kwa ule unyayo mwepesi wenye mfuo, akalifunika karai juu yake, akaweka jiwe juu ya karai. Kisha akachukua simu yake ya mulika mwizi, akampigia askari mmoja wa KWS ambaye namba yake anaijua kwa kichwa. Hakusema neno kuhusu mahindi. Alisema kuna mama anachechemea mbele kulia, amezidiwa tangu wiki iliyopita, wako watano, wameelekea mtoni, na unyayo ameuhifadhi.

Mvua ilinyesha usiku huo, nyepesi, ya kufuta mambo. Watoto waliambiwa anayegusa karai atalala njaa. Askari walikuja siku ya pili mchana, wawili, na pikipiki. Baba mdogo aliinua jiwe, akainua karai. Unyayo ulikuwa hapo, mkavu, na mfuo wake, mistari yote. Mmoja akachuchumaa, akaweka kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, akapiga picha tatu kwa simu, akazituma kwa daktari palepale maana mtandao ulikuwa umekubali. Wakauliza maswali: tangu lini, njia ipi, kuna damu, kuna harufu? Baba mdogo alijibu yote. Nilimwona amesimama wima kuliko kawaida, kama shahidi aliyeitwa na mahakama anayoiheshimu.

Walipokuwa wakivaa helmeti akawaita. "Na haya mahindi," akasema, akionyesha kwa karai, "yatapigwa picha na nani?"

Wakatazamana. Yule mwenye simu akashuka tena kwenye pikipiki, akaenda katikati ya shamba, akaweka kalamu yake juu ya bua lililovunjika, akapiga.